Kuandika Pendekezo la Utafiti kwa Maombi ya Uzamivu: Mwongozo kwa Waombaji wa Lamu na Malindi

Pendekezo la utafiti nililoletewa hivi karibuni na kijana mmoja wa mtaa wa Langoni lilikuwa na kurasa kumi na mbili. Kurasa nane za mwanzo zilisimulia historia ya mji wa Amu, yaani Lamu: Ngome iliyokamilika mwaka 1821, nyumba za mawe na vidaka vyake, na jinsi UNESCO ilivyouingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Yote yalikuwa sahihi. Swali la utafiti lilijitokeza katika ukurasa wa kumi, nalo lilikuwa sentensi moja tu, kwamba mwombaji anakusudia kuchunguza athari za bandari mpya kwa wakaazi wa Lamu. Nilimrudishia karatasi zake na kumwomba anijibu jambo moja kabla ya kuandika tena: ni kitu gani hasa ambacho leo hakijulikani, hata kwako wewe uliyezaliwa hapa, na ambacho kitakuwa kimejulikana utakapomaliza miaka mitatu ya uzamivu?

Hilo ndilo tatizo ninalolikuta mara nyingi kuliko lolote lingine kwa waombaji wa upande wetu wa pwani. Tunaijua nchi yetu, tunaipenda, na tunadhani ujuzi huo na mapenzi hayo yakiandikwa vizuri yanatosha kuwa pendekezo. Kamati ya udahili haitafuti mtu anayeijua Lamu. Inatafuta mtu aliyeona jambo lisilojulikana kuhusu Lamu, anayeweza kueleza kwa nini halijulikani, na mwenye njia inayoaminika ya kulijua kwa muda na fedha zilizopo.

Kabla ya kuandika neno lolote, tambua ni nafasi ya aina gani unayoiomba, kwa sababu nafasi za uzamivu hazifanani. Vyuo vingi vya Uingereza, Ujerumani, Afrika Kusini na vya kwetu Kenya humtaka mwombaji alete mada yake mwenyewe, na hapo pendekezo ndilo uti wa mgongo wa maombi yote. Uholanzi na nchi za Skandinavia, kwa upande mwingine, hutangaza nafasi nyingi za uzamivu kama ajira yenye mshahara ndani ya mradi ambao swali lake kuu limeshawekwa na profesa aliyepata fedha. Ukiomba nafasi ya namna hiyo, usipeleke mada yako uliyoitunza tangu uzamili, hata ikiwa nzuri namna gani. Soma maelezo ya mradi mara tatu, kisha uandike ni sehemu gani ya mradi huo utaifanya, kwa mifano ipi, na kwa nini wewe. Urefu nao hutofautiana: wengine hutaka maneno 1,000, wengine 2,000, na wengine hata kurasa kumi. Kiwango kilichoandikwa katika tangazo ni amri, na anayekizidisha huonyesha kwamba hakusoma maelekezo.

Kutoka mada hadi swali

Tumrudie yule kijana wa Langoni, kwa kuwa mada yake ina uzito na alistahili kuifanya. Mradi wa LAPSSET, unaounganisha bandari mpya ya Lamu na Sudan Kusini na Ethiopia, ulizinduliwa Machi 2012, na gati la kwanza la bandari likafunguliwa Mei 2021. Katikati ya tarehe hizo, mwaka 2018, Mahakama Kuu iliyoketi Malindi iliamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Haya ni mambo ya hadharani, na yeyote anayesoma magazeti anayajua. Kuyaandika tena katika pendekezo ni kuweka usuli, na usuli hauhitaji zaidi ya aya moja au mbili.

Swali huanza pale ambapo maelezo ya kawaida yanakwama. Nilimuuliza: hao wavuvi 4,600 ni nani? Alinijibu kwa haraka kwamba ni wavuvi wa Lamu. Nikamuuliza tena kama mwenye chombo asiyeshuka baharini ni mvuvi, kama baharia anayepokea fungu lake kila siku bila ya kumiliki hata wavu ni mvuvi, na kama mama karanga, anayenunua samaki bandarini kila asubuhi na kuwakaanga ili awauze, naye ameumia bahari ilipofungwa au hakuumia. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba nyumbani kwao jambo hilo lilizusha ugomvi, kwa sababu baba yake mdogo aliandikwa na mjomba wake hakuandikwa, ilhali walivua katika mashua moja.

Hapo ndipo swali lilipopatikana, na lilikuwa limekaa nyumbani kwao muda wote. Baada ya wiki mbili za kuandika na kufuta, sentensi ya mwanzo iliyosema kwamba utafiti unakusudia kuchunguza athari za kijamii, kiuchumi na kimazingira za bandari ya Lamu kwa jamii za wenyeji iligeuka kuwa hivi: katika vijiji viwili vya uvuvi, kimoja kilicho karibu na njia ya meli na kingine kilicho mbali nayo, ni nani aliyehesabiwa kuwa mvuvi orodha za fidia zilipotayarishwa, kwa vigezo gani, na uhesabuji huo umebadilisha vipi ugavi wa mapato kati ya mwenye chombo, nahodha, mabaharia na mama karanga?

Tazama kilichotokea. Maneno matatu mapana ya kijamii, kiuchumi na kimazingira yameondoka, na mahali pake wameingia watu wanaoweza kutajwa kwa kazi zao. Vijiji viwili vimechaguliwa kwa sababu inayoelezeka, yaani umbali na njia ya meli. Msomaji aliyeko Bayreuth au Cape Town, asiyewahi kufika Mokowe, anaona mara moja kwamba jambo hili linahusu pia fidia za mabwawa, migodi na reli duniani kote, kwa sababu kila penye fidia pana mtu anayeamua nani ahesabiwe. Swali limekuwa dogo, lakini umuhimu wake umekuwa mkubwa kuliko ule wa mada pana ya mwanzo.

Ninawashauri waombaji kuliandika swali kwa Kiswahili kwanza, hata kama pendekezo litapelekwa kwa Kiingereza au Kijerumani. Katika lugha ya masomo tumezoea kujificha nyuma ya maneno makubwa tuliyoyabeba darasani, ilhali katika lugha ya nyumbani ni vigumu kuandika jambo usilolielewa. Likishaandikika, msomee mtu anayeifanya kazi hiyo: nahodha, mwalimu wa madrasa, fundi wa jahazi wa Matondoni, karani wa mahakama ya kadhi. Akikujibu papo hapo kwa jibu kamili, huenda huna swali la miaka mitatu. Akikuambia kwamba jambo hilo hata wao hubishana, endelea.

Kwa mwombaji wa sayansi za bahari au mazingira, swali mara nyingi huambatana na nadharia tete, yaani dhana inayopimwa kwa data, na sharti la nadharia tete ni kwamba iweze kuonekana kuwa si kweli. Mfano mzuri uko Malindi. Mto Sabaki humwaga mashapo baharini kaskazini ya mji, na wakati wa kaskazi, yaani msimu wa upepo utokao kaskazini-mashariki, maji hayo yenye matope husukumwa kuelekea kusini, kwenye ghuba ya Malindi na hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968. Kuandika kwamba mashapo yanaharibu matumbawe hakutoshi, kwani hakuna kipimo ndani yake. Ukiandika kwamba matumbawe machanga yanayoota katika vituo vilivyo karibu na mdomo wa mto ni machache kuliko ya vituo vya mbali, na kwamba tofauti hiyo huongezeka baada ya misimu ya mvua kubwa, umesema jambo linaloweza kuhesabiwa na linaloweza kukukataa. Kamati huthamini sana mwombaji aliye tayari kukataliwa na takwimu zake mwenyewe.

Waliokutangulia

Sehemu ya mapitio ya maandishi ndiyo inayofichua haraka zaidi kama mwombaji amesoma au amenakili. Usiorodheshe vitabu na makala kimoja baada ya kingine kwa mtindo wa fulani alisema hivi na fulani akasema vile. Wapange waandishi kwa hoja: hawa wanaichukulia fidia kama suala la haki za kisheria, wale wanaichukulia kama suala la siasa za kaunti, na wote wawili hawajaangalia namna orodha yenyewe ilivyotengenezwa. Pengo lako linatakiwa lionekane katikati ya mabishano ya watu wengine, kama mlango kati ya kuta mbili.

Jihadhari mno na sentensi isemayo kwamba hakuna utafiti wowote uliowahi kufanywa kuhusu jambo hili. Huenda msomaji wako ndiye aliyeufanya. Tafuta katika hazina za kidijitali za tasnifu za Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta na Pwani kabla ya kusema lolote, na utafute kwa maneno ya Kiswahili na ya Kiingereza pia. Lamu imeandikwa sana kuliko tunavyodhani, na si kila kilichoandikwa kiko katika vitabu: hati za Msikiti wa Riyadha, kwa mfano, zilipigwa picha za kidijitali chini ya programu ya Maktaba ya Uingereza inayookoa kumbukumbu zilizo hatarini kupotea. Mwombaji wa historia au fasihi anayeomba kusoma maandishi ya Kiarabu na ya Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na asijue kwamba mkusanyiko huo upo, atakuwa ameonyesha udhaifu usiosahihishika kwa uzuri wa lugha.

Kuhusu nadharia nitasema machache. Chagua moja au mbili unazozielewa, na uonyeshe zitakusaidia kuona nini ambacho bila yake usingekiona. Nadharia iliyotajwa ukurasa wa tatu na isiyorudi tena katika mbinu ni pambo tu.

Mbinu: mahali ambapo wenyeji tuna nguvu na tunaipoteza

Sehemu ya mbinu hujibu swali la utafiti hatua kwa hatua, na kila swali dogo lazima liwe na chanzo chake cha data. Ukiuliza ni nani aliyehesabiwa, unahitaji orodha, na hivyo eleza utaziombaje: kwa vikundi vya usimamizi wa fukwe, yaani BMU, kwa ofisi ya uvuvi ya kaunti, na katika kumbukumbu za kesi. Ukiuliza mapato yamegawanywaje, unahitaji kukaa na vyombo kadhaa kwa muda, kuandika mavuno ya kila siku na mgao wake, na kuwahoji watu wa kila daraja. Usiandike tu kwamba utatumia hojaji na mahojiano. Eleza utawahoji wangapi, utawachaguaje, wapi, kwa lugha gani, na kwa nini idadi hiyo inatosha. Mahojiano arobaini yaliyopangwa vizuri yanaaminika zaidi kuliko hojaji mia nne ambazo mwombaji hakueleza atazijaza na nani.

Eleza pia utafanya nini mambo yakikwama. Je, ofisi ikikataa kutoa orodha? Mwombaji mmoja niliyemsaidia alitegemea jalada moja tu la ofisi fulani. Jalada halikupatikana, na mwaka wake wa pili ukapotea akilitafuta. Tangu hapo mimi humtaka kila mwombaji aandike chanzo cha pili kwa kila swali, hata kama ni sentensi moja.

Halafu kuna kalenda ya bahari. Ratiba nyingi ninazoziona zimegawanywa kwa miezi ya chuo, kana kwamba wavuvi nao hufunga shule mwezi Agosti. Wakati wa kusi, msimu wa upepo utokao kusini, takriban kuanzia Aprili hadi Septemba, bahari huchafuka na vyombo vidogo vingi havitoki nje ya mwamba. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, uvuvi hushamiri na mabaharia hawana muda wa kukaa na mtafiti. Kwa hiyo mtu anayetaka kupima mapato hana budi kuwapo katika misimu yote miwili, na anayetaka mahojiano marefu ayapange wakati wa kusi. Tazama pia mwezi wa Ramadhani utaangukia wapi katika miaka yako mitatu, na Maulidi ya Lamu ambayo huujaza mji wageni. Mambo haya mgeni hawezi kuyajua akiwa Ulaya. Ukiyaandika katika ratiba, umeonyesha ujuzi wa mahali bila ya kutumia kurasa nane za historia.

Lugha ni nguvu nyingine tunayoisahau. Waombaji wengi huandika tu kwamba wanajua Kiswahili na kuishia hapo, kana kwamba Kiamu, Kipate, Kisiu na Kitikuu ni kitu kimoja. Eleza utarekodi kwa lahaja ipi, utanukuu vipi mazungumzo hayo katika maandishi, ni nani atakayehakiki tafsiri zako, na maneno gani ya kazi utayaacha kama yalivyo. Neno kama fungu, kwa baharia, lina hesabu nzima ndani yake, na tafsiri ya haraka huiua hesabu hiyo.

Uenyeji una upande wake mgumu pia, na ni vyema uuandike wazi kabla hujaulizwa. Kijana wa Langoni ana baba mdogo aliyeandikwa na mjomba asiyeandikwa, na katika kijiji atakachokwenda wapo watakaomwona kuwa mtu wa upande mmoja. Mwanamume hawezi kuingia uani na kuwahoji akina mama kwa muda mrefu bila ya mpango unaokubalika, kwa hiyo atahitaji msaidizi wa kike, naye awemo katika bajeti. Hakuna aibu katika kukiri haya. Kamati hushtuka zaidi inapomwona mwenyeji anayedai kwamba milango yote iko wazi kwake.

Maadili na vibali

Nchini Kenya, utafiti huhitaji leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013, na utafiti unaohusu watu huhitaji pia kupitiwa na kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Taarifa za watu binafsi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Taja haya katika aya moja, na uyawekee muda katika ratiba, kwa sababu hakuna mahojiano yanayoanza kabla hayajakamilika. Kisha ueleze idhini ya mhojiwa itapatikanaje pale ambapo mtu hapendi kutia sahihi karatasi. Katika mji ambao orodha na sahihi zimeamua nani alipwe, mzee akiletewa fomu ana haki ya kuuliza inakwenda wapi. Idhini ya mdomo iliyorekodiwa inakubalika katika kamati nyingi, mradi ueleze sababu zake. Ueleze pia kwamba hutaahidi fidia wala kuonekana kama mtu wa kuhesabu tena, maana habari hiyo ikienea kijijini utapata majibu ya matumaini badala ya majibu ya kweli.

Ratiba, bajeti na sura ya karatasi

Miezi 36 hugawanyika kwa urahisi: miezi kumi au kumi na miwili ya kusoma na kupata vibali, kumi na miwili au kumi na minne ya kazi ya nyanjani, na iliyobaki ya kuchanganua na kuandika. Wengi hujipunjia muda wa kuandika. Katika bajeti, weka nauli za boti kwenda Pate na Faza, msaidizi, unukuzi wa rekodi, na vifaa; weka bei unazozijua kwa kuuliza, si za kukisia. Kichwa cha pendekezo kiwe kifupi na kitaje jambo, mahali na wakati. Ikisiri andika mwisho kabisa, ingawa itakaa mwanzo, na marejeleo yafuate mtindo mmoja tangu juu hadi chini. Vyuo hutumia programu za kugundua maandishi yaliyonakiliwa, kwa hiyo kila sentensi isiyo yako ionyeshwe ilikotoka.

Kumwandikia msimamizi

Pale unapotakiwa kuleta mada yako, pendekezo hulipeleki gizani. Tafuta kwanza mtu ambaye kazi yake unaifahamu kweli, usome angalau makala mbili zake, na umwandikie barua pepe fupi ya aya tatu: ya kwanza iseme wewe ni nani na swali lako ni lipi katika sentensi mbili, ya pili ieleze linakutanaje na kazi yake, ya tatu iulize kama anachukua wanafunzi mwaka huo na kama yuko tayari kusoma ukurasa mmoja. Ambatisha huo ukurasa mmoja, si pendekezo lote. Usiwapelekee maprofesa kumi barua ileile kwa siku moja, kwani wengi wao hufahamiana na huonyeshana. Asipojibu baada ya wiki tatu, mkumbushe mara moja kwa adabu, kisha uendelee kwa mwingine.

Akikujibu kwa maswali magumu, furahi, maana maprofesa hawapotezi muda kumuuliza maswali mtu wasiyemtaka. Kijana wa Langoni aliulizwa na msimamizi wake mtarajiwa jambo moja ambalo sote wawili hatukuliona: mama karanga atahesabiwa vipi ikiwa naye ananunua kwa mkopo kutoka kwa mwenye chombo? Ameongeza kijiswali cha tatu, amebadilisha sampuli yake, na sasa anaiandika upya sehemu ya mbinu.